Maswali Yenu: Kama ilishaandikwa, Oedipus alikosea wapi?

SWALI: Maalim, assalam alaykum. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, saa hizi niko likizo nyumbani hapa Lamu. Tulisoma ile tamthilia ya Sophocles, mshairi wa Kigiriki wa kale, ya Mfalme Oedipus, tukaambiwa tuandike kasoro ya shujaa iliyomwangusha. Nikaandika kiburi. Juzi nikamsomea ami yangu barazani, akacheka, ati kiburi gani na mtu katabiriwa kabla hajazaliwa, hiyo ni kudura tu, maskini wa watu kakosa nini? Tukabishana mpaka adhana ya magharibi. Nani yuko sawa? (Binti wa Langoni, Lamu)

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, na ami yako msalimie sana. Nitakwambia bila kukuficha, amekushinda, ila si kwa ile sababu aliyoitoa yeye.

Tuanze na hiyo "kasoro" yenyewe manake ndiyo inawapoteza wanafunzi wengi. Neno limetoka kwa Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kigiriki, aliandika hamartia, na kwa Kigiriki chao asili yake ni mkuki au mshale kukosa shabaha. Umevuta upinde vizuri, umelenga, mshale ukaenda kwengine. Hapo hakuna habari ya tabia mbaya, ni kosa, mara nyingi kosa la kutojua. Alafu kumbuka Aristotle alizaliwa mwaka 384 KK, Sophocles keshakufa miaka ishirini na kitu, kwa hivo hakuna mshairi aliyekaa chini akasema ngoja nimtie shujaa wangu kasoro moja ili mwalimu apate kuuliza kwenye mtihani. Huyo Aristotle alikuwa anatazama nyuma tu, akasema shujaa anayetuuma roho ni mtu asiye malaika wala shetani, mtu kama sisi ila mkubwa kuliko sisi, anaanguka kwa kosa, na mfano aliotoa ni huyo huyo Oedipus.

Sasa tazama huyo bwana kafanya nini. Wazazi wake walimtupa mchanga kwa kuogopa utabiri, akalelewa Corinth na mfalme Polybus akijua ndiye babake. Akaenda Delphi, kwenye hekalu la utabiri la mungu wao Apollo, kuuliza, akaambiwa utamuua babako na utamuoa mamako. Akafanyaje? Hakurudi Corinth tena! Kakimbia ili asiwadhuru wale wazee, wewe hapo unaona kiburi? Njiani, pale zinapokutana njia tatu, akakutana na mzee kwenye gari la farasi na watu wake. Unajua vichochoro vyetu vya Lamu, punda wawili na mizigo wakikutana hakuna anayetaka kupisha, basi ndio hivo, wale wakamsukuma, mzee akampiga kichwani, na Oedipus akawaka akaua, akabaki mmoja tu aliyekimbia. Hasira ilikuwepo, hilo sikatai. Lakini kama mzee yule angekuwa mpita njia yeyote hadithi ingeishia pale. Kilichoharibu ni kwamba alikuwa Laius, mfalme wa Thebes, babake mzazi, na hakumjua. Hapo ndipo mshale ulipokwenda kando.

Alafu akaenda Thebes, akafumbua kitendawili cha Sphinx, lile zimwi lililoutesa mji, kilichowashinda wote, wakampa ufalme na mjane wa Laius, Jocasta, ndiye mamake mzazi bila kujua. Miaka ikapita, tauni ikaingia mjini, wakaambiwa haitoki mpaka apatikane aliyemuua Laius. Na mimi hapa ndipo ninapopapenda. Teiresias, mzee kipofu mwenye kuona yaliyofichika, anamwomba niache niende nyumbani. Jocasta mkewe anamsihi kwa Mungu usiulize zaidi. Mchungaji aliyepewa kumtupa utotoni naye anamwambia bwana wangu tosha. Watu watatu hao wanamvuta kanzu na yeye bado anauliza, kwa sababu amewaahidi watu wa mji na yeye si wa kuacha fumbo bila kulifumbua. Kile kilichompa ufalme ndicho kilichomtoa. Ukitaka kuita hiyo kasoro ita, mimi naona ulimi mzito.

Kuhusu kudura, mwambie ami arudi kwenye maandishi. Utabiri ulisema kuua na kuoa, basi. Haukusema achunguze, haukusema ajitoboe macho kwa vishikizo vya nguo ya Jocasta. Na lile kundi la waimbaji wanaoitikia jukwaani wanapomuuliza nani kakusukuma kufanya hivi, anajibu Apollo ndiye aliyeniletea mateso haya ila mkono uliopiga ulikuwa wangu mwenyewe. Yaani Mgiriki hakuona tabu kusema yote mawili kwa pumzi moja. (Mambo ya kadhaa na kadari katika dini yetu mimi si sheikh, hayo ami akaulize msikitini.)

Na mfano mnao hapo hapo nyumbani. Utenzi wa Fumo Liyongo aliouandika Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, kuna mtu anausikiliza ili ajue kama Liyongo atapona? Kila mtu anajua atadungwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. Twasikiliza kuona anavyokwenda. Fundi wa upinde kama yule, halafu siri ya kufa kwake anampa mtoto aliyetumwa kuja kuiuliza. Watazamaji wa Athens nao walikwenda hivo hivo, hadithi wanaijua tangu kwa bibi zao.

Kama mwalimu anakutaka kiburi kwa lazima muombe uandike kuhusu Creon, mfalme wa Thebes baada ya Oedipus, kwenye Antigone, tamthilia nyingine ya Sophocles. Huyo kamkatalia maiti wa kakake Antigone, bintiye Oedipus, kuzikwa, na watu wa kwetu hatuhitaji profesa kutuelezea uzito wake. Alipokuja kushtuka akaenda kwanza kumzika yule maiti ndipo akimbilie kumfungulia Antigone aliyemfungia pangoni, akakuta keshajinyonga, mwanawe Haemon akajiua palepale na mkewe naye nyumbani. Kukosea hesabu ya nani wa kwanza tu.

SWALI: Bwana mjibu maswali, mie ni mtu wa bahari hapa Malindi. Kijana wangu ananiambia kuna mfalme wa Kigiriki alimchinja bintiye ili apate upepo. Ni kweli au anataka kunichezea akili? (Nahodha, Malindi)

JIBU: Hakuchezei, kaka. Ni Agamemnon. Aeschylus, mshairi mwengine wa Athens, aliiweka kwenye jukwaa mwaka 458 KK, jahazi elfu za kwenda vitani Troy zimekwama bandari ya Aulis, upepo wa kaskazini unapiga tu siku nenda siku rudi, chakula kinakwisha, kamba zinaoza, na wewe unajua jahazi lililofungwa muda mrefu linavyowafanya mabaharia. Mwaguzi akasema Artemis, mungu wao wa kike, amekasirika, anamtaka Iphigenia, binti wa mfalme. Nyinyi mngengoja kusi, si ndio? Yeye angeweza kuvunja safari akarudi kwao. Mshairi anasema alijivika mwenyewe nira ya lazima, na maneno hayo nimeyafikiria miaka, kwa sababu lazima ilikuwepo lakini aliyeivaa shingoni ni yeye. Akaenda Troy akapigana miaka kumi akashinda, akarudi nyumbani, mkewe Clytemnestra hajasahau mtoto, kamtandikia nguo za zambarau azikanyage kama mungu, kakataa kidogo alafu kakanyaga, na ndani akauliwa bafuni amezongwa na shuka kama samaki wavuni. Euripides, mshairi mwenzao, yeye alikuwa na huruma, kwenye tamthilia yake moja Artemis anamtwaa binti na mahali pake panabaki paa, kijana wako akikusomea hiyo najua utamkumbuka Nabii Ibrahim.

SWALI: Ni kweli wanawake hawakuigiza? Na walikuwa wanashindana kama kwetu kwenye mashindano ya mashairi? (Mpenda ngoma, Shela)

JIBU: Ni kweli, hata Jocasta na Clytemnestra walikuwa wanaume wamevaa barakoa, na waigizaji watatu tu wakigawana sehemu zote, ukiacha waitikiaji. Mashindano yalikuwepo kila mwaka kwenye sikukuu ya mungu wao Dionysus, na majaji wenyewe walichaguliwa kwa bahati nasibu. Yule Oedipus tuliyemaliza ukurasa mzima kumzungumza, mwaka wake Sophocles alikuwa wa pili. Aliyemshinda anaitwa Philocles, mtoto wa ndugu yake Aeschylus, na tamthilia zake hakuna hata moja iliyotufikia nzima.