Umewasha Smaller Dungeons ya Daggerfall na danjeni bado ni kubwa? Soma hii kabla ufute gemu

Juzi usiku kijana mmoja wa Kayole ameniandikia akiwa amekasirika kabisa, kuhusu Smaller Dungeons, ile setingi ya kupunguza ukubwa wa danjeni, yaani yale mapango na majumba ya chini ya ardhi unayotumwa kuingia ndani ya gemu. "Brathe, ile setingi uliniambia ni uongo, nimeweka True nikaingia, bado nazunguka humo ndani ni kama nimepotelea Gikomba, nafuta hii gemu." Nikamwambia tulia, usifute kitu. Halafu nikakumbuka watu wameshaniuliza hilo swali kwa njia tofauti tofauti, basi wacha niliweke hapa lote, mwenye kusoma asome.

Kama hujui tunaongea nini, ni Daggerfall, ile gemu ya kampuni ya Bethesda ya 1996, ambayo wenyewe waliiachilia bure 2009. Sisi tunacheza Daggerfall Unity, yaani mashabiki waliijenga upya juu ya Unity, programu ya kutengenezea gemu, kazi ya miaka mingi iliyoongozwa na Gavin Clayton, na toleo la 1.0 likatoka mwisho wa Desemba 2023. Nayo ni bure, unahitaji tu mafaili ya ile ya zamani. Inakimbia poa kwa laptopu yangu ya mtumba niliyonunua Luthuli, na hiyo peke yake inatosha kunifanya niipende.

Sasa danjeni. Wenye hawajacheza hawawezi kuelewa. Danjeni za hii gemu zimeundwa kwa kuunganisha vipande, korido juu ya korido, milango ya siri, sehemu zimejaa maji, ramani yenyewe ni ya pande tatu na unaizungusha mpaka kichwa kinauma, na mahali fulani humo ndani kuna kiumbe mmoja tu umetumwa umuue. Na misheni iko na siku zake, zikiisha kabla umalize, jina lako kwa chama kilichokupa hiyo kazi linashuka.

Mimi natoka kazi Industrial Area jioni, nakaa kwa foleni ya Jogoo Road, nafika nyumbani, tunakula, mtoto analala, ndio nafungua laptopu. Nabaki na kama saa moja yangu. Kwa danjeni ya kawaida hiyo saa inaisha kabla hata nijue nilipitia wapi. Ndio maana natumia Smaller Dungeons na sioni aibu. Kuna grupu moja ya WhatsApp nilisema hivyo nikaambiwa mimi si mchezaji wa ukweli, ati nirudi kwa gemu za simu. Hiyo kitu iliniuma na bado inaniuma, sitadanganya. Watu walioijenga upya hii gemu ndio waliiweka hiyo setingi kwa mikono yao, sasa wewe ni nani wa kuniambia nacheza vibaya kwa nyumba yangu na kwa stima yangu?

Basi. Siku nilipoiwasha mara ya kwanza, nilifanya vile inatakiwa. Nikafunga gemu, nikafungua settings.ini, ile iko ndani ya AppData, LocalLow, Daggerfall Workshop, Daggerfall Unity, nikashuka mpaka sehemu imeandikwa Experimental, nikabadilisha SmallerDungeons kutoka False kuwa True, nikasevu. Nikarudi kwa misheni yangu ya Fighters Guild, kile chama cha wapiganaji, nikaingia danjeni, na ikawa ni ile ile kubwa. Nikauliza kwa ile grupu. Mmoja akasema futa uinstoli upya, mwingine akasema ni modi, zile nyongeza za mashabiki, zinagongana, mwingine akacheka tu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ile misheni niliichukua lini. Na jibu lilikuwa hapo.

Nilikaa chini nikafikiria kama fundi. Nikatoka, nikaenda danjeni nyingine yoyote ambayo sina misheni ndani yake, nikaingia. Ndogo! Sehemu moja ya katikati na vipande vinne vya kuifunga pande zote, hiyo tu. Nikarudi kwa ile ya misheni, kubwa. Nikaenda chama nikachukua misheni mpya, nikasafiri mpaka huko, ndogo. Hapo nikaelewa, na nilifurahi vibaya sana, nikampigia mke wangu kelele usiku akafikiri tumevamiwa.

Iko hivi. Misheni inakumbuka setingi ilikuwa aje wakati uliichukua. Kama ulipewa kazi Smaller Dungeons ikiwa imezimwa, ile danjeni itabaki kubwa mpaka hiyo kazi iishe, hata ukiandika True mara ngapi. Na ukifikiria, ni busara. Yule kiumbe wako amewekwa kwa kona fulani, sasa danjeni ikikatwa na kona yake ikatwe pia, utamuulia wapi? Walilifikiria hilo jambo mapema kukuokoa, halafu watu wanasema imeharibika.

Kwa hivyo washa kwanza, chukua misheni baadaye. Kama tayari unayo ya zamani, imalize ikiwa kubwa hivyo hivyo ama ukubali muda wake upite, halafu uchukue nyingine. Na ukitaka kujua kama setingi inafanya kazi, usijaribu na danjeni ya misheni ya zamani, jaribu na ambayo huna shughuli nayo. Pia usibadilishe ukiwa umesevu katikati ya danjeni, toka nje kwanza usevu ukiwa barabarani ama mjini, kwa sababu pale uliposimama huenda pasiwepo tena. Makaburi usiyatumie kupima, hayo ni madogo tangu zamani, utafikiri umeona tofauti na hakuna.

Na hapa vijana wangu naomba mnisikilize. Kitu ikikataa, mkono wa kwanza unaenda kwa kufuta. Bando inaisha ukidaunlodi upya, modi zote unaanza kutafuta tena, na shida inakungoja palepale kwa sababu sevu ni ile ile na misheni ni ile ile. Badilisha kitu kimoja, angalia, badilisha kingine, angalia. Ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo hata ikipona hutajua dawa ilikuwa gani, na kesho rafiki yako akikuuliza utamwambia tu "futa uinstoli", na mchezo unaendelea hivyo. Mimi sikufunzwa na mtu, nilikaa nayo mpaka ikanijibu, na wewe pia akili unayo.

Kitu kimoja kimebaki. Danjeni za hadithi kuu hazipunguzwi, setingi iwe imewashwa ama haijawashwa. Privateer's Hold ya kuanzia, Scourg Barrow, mpaka Mantellan Crux ya mwisho, zote zinabaki vile zilivyoundwa 1996. Kwa hizo, tafuta uchawi wa Recall mapema, weka alama yako ukiwa mlangoni tu baada ya kuingia, halafu ndio uanze kushuka. Ukipata ulichotumwa, unaita Recall unajikuta mlangoni, na hiyo saa yako moja inatosha.