Ukope usiofumbuka na ukope usiofumba: tuandike nini katika jalada la mgonjwa?

SWALI: Ndugu Daktari, mimi ni karani wa kumbukumbu katika kituo cha afya kilicho karibu na Arua, Uganda. Wiki iliyopita nililetewa majalada mawili ya wagonjwa wa nje, na matabibu wawili tofauti walikuwa wameandika maneno yale yale: "Ukope umepooza." Nilipotafuta katika intaneti nilipata msimbo H02.431, lakini kitabu chetu cha ICD-10, yaani orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, hakina msimbo wenye tarakimu nyingi namna hiyo. Je, niandike H02.4 kwa wote wawili?

Karani wa kumbukumbu, Arua

JIBU: Ndugu yangu, nakuomba usiandike bado. Umefanya vyema kusita, kwa sababu maneno hayo mawili yanaweza kuwa na maana mbili zinazopingana kabisa.

Nianze na msimbo uliouona. H02.431 ni msimbo halali, ila hautoki katika kitabu chako. Ni wa toleo la Marekani, ICD-10-CM, lililoanza kutumika huko tarehe 1 Oktoba 2015. Katika toleo hilo H02.43 ni kulegea kwa ukope kunakotokana na kupooza, na tarakimu ya mwisho hutaja upande: 1 ni kulia, 2 ni kushoto, 3 ni macho yote mawili. Toleo la Shirika la Afya Duniani huishia H02.4, kwa hiyo upande hauna budi kuandikwa kwa maneno. Ukichanganya matoleo mawili katika daftari moja, anayejumlisha takwimu baada yako atapotea.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Ukope wa juu huinuliwa na msuli unaoendeshwa na neva ya tatu ya ubongo, na hufumbwa na msuli mwingine unaoendeshwa na neva ya saba, ambayo ndiyo neva ya uso. Ikipooza neva ya tatu, ukope huanguka na mgonjwa hawezi kufumbua jicho. Hapo ndipo penye H02.4. Ikipooza neva ya saba, jicho hubaki wazi hata usingizini, kioo cha jicho hukauka na kupata vidonda, na msimbo wake ni H02.2. Mmoja anahitaji kuinuliwa ukope, mwingine anahitaji kulindwa jicho kwa mafuta na kufungwa bandeji usiku, na wote wawili, katika lugha ya kila siku ya zahanati zetu, "wamepooza ukope".

Niliwahi kukabidhiwa jalada la mama mmoja katika hospitali ambayo sitaitaja. Mgonjwa alikuwa na uso uliopooza upande wa kushoto, lakini karatasi ya kwanza ilisema "ukope umepooza" basi, na karani akaweka H02.4. Alipopelekwa kliniki nyingine, aliyempokea alisoma msimbo akatarajia ukope ulioanguka, na dawa ya kulainisha jicho haikutolewa hadi mgonjwa mwenyewe alipolalamika kwamba jicho linawasha kama limemwagiwa mchanga. Bado naumia ninapolikumbuka jalada lile, kwa kuwa neno moja tu, "halifumbi", lingetosha.

Kisha kuna chanzo, na hapa ndipo ningetaka matabibu watumie wino zaidi. Ugonjwa wenyewe ukijulikana, ndio unaotangulia. Kupooza kwa neva ya tatu ni H49.0, na kama mboni ya jicho hilo imepanuka na kichwa kinauma ghafla, hilo ni jambo la dharura, kwani huenda mshipa wa damu ubongoni umevimba na unaikandamiza neva. Uso kupooza kwa namna iitwayo Bell ni G51.0, na H02.2 ifuate kwa kuwa jicho nalo linahudumiwa. Kope zinazolegea zaidi jioni kuliko asubuhi humfanya daktari afikirie miasthenia, yaani ugonjwa wa misuli kuchoka upesi, G70.0. Mtoto aliyezaliwa na ukope ulioanguka ana Q10.0, wala asiwekwe pamoja na waliopata hali hiyo ukubwani. Kwetu, ambako watu hulima na kuchunga katika maeneo yenye nyoka kama swila na mamba weusi, mgonjwa aliyeumwa na nyoka kisha kope zote mbili zikaanza kuanguka asiandikwe kama mgonjwa wa macho: msimbo wake mkuu ni T63.0. Dalili hiyo huweza kuonekana kabla pumzi haijaanza kumwishia, hivyo saa iliyoonekana iandikwe.

Vipimo navyo havihitaji mashine. Tabibu amulike tochi, atazame nukta ya mwanga inayong'aa katikati ya mboni, kisha apime kwa rula umbali kutoka nukta hiyo hadi ukingo wa ukope wa juu. Kwa kawaida ni milimita 4 hadi 5. Halafu aubane unyusi kwa kidole gumba ili paji la uso lisisaidie, amwambie mgonjwa atazame chini kisha juu, na apime ukope umepanda kiasi gani. Milimita 12 au zaidi ni msuli mzuri. "Jicho la kulia, halifumbuki vyema, milimita 1, msuli milimita 5, tangu siku tatu": mstari kama huo humwezesha karani kufanya kazi yake bila kubahatisha.

Usidhani kwamba ripoti ya mwezi itaokoa kilichoachwa. HMIS 105, fomu ya ripoti hiyo, hukusanya magonjwa katika makundi mapana kabla ya kuingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, kwa hiyo habari za upande, chanzo na vipimo hubaki katika jalada na daftari tu.

Warudishie matabibu majalada yote mawili na uwaulize mambo matatu: jicho gani, halifumbuki au halifumbi, na limeanzaje. Majibu wayaandike wao wenyewe, watie tarehe na sahihi, wewe usiwaandikie. Kama tabibu amehama na mgonjwa hapatikani, tumia H02.9, yaani tatizo la ukope lisilobainishwa.