Maswali na majibu: Bunduki kwenye bendera ya Msumbiji

Wiki iliyopita niliandika kwamba AK-47 iondolewe kwenye bendera ya Msumbiji. Ujumbe umekuja mwingi, mwingine mkali. Leo najibu.

Wewe Mtanzania, ya Msumbiji yanakuhusu nini?

Mimi Mmakonde wa Newala, na nina wajomba Mueda. Mto Ruvuma haujawahi kuugawa ukoo wetu.

Nilikuwa kijana Nachingwea wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, walipokuwa wakifunzwa. Bunduki hiyo ndiyo iliyomng'oa Mreno. Leo mnaionea haya?

Shikamoo, mzee wangu. Haya sioni hata kidogo. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, ikashika silaha Septemba 1964, na uhuru ukapatikana tarehe 25 Juni 1975. Habari hiyo ifundishwe shuleni na bunduki zenyewe zitunzwe makumbusho. Lakini bendera hii ya sasa ilianza kupepea Mei 1983, katikati ya vita vingine, Wamsumbiji kwa Wamsumbiji, vilivyodumu tangu 1977 hadi 1992 na kuondoka na watu wapatao milioni moja. AK ilikuwa mikononi mwa FRELIMO iliyokuwa ikitawala na mikononi mwa waasi wa RENAMO pia. Wewe ukiitazama unakumbuka ukombozi, na ni haki yako. Mama aliyechomewa nyumba akiitazama anakumbuka usiku ule. Bendera ni ya kwenu nyote wawili, mzee wangu, na yeye hana nyingine.

Nembo yetu ya Tanzania ina mkuki na bendera ya Kenya ina mikuki miwili. Mbona hiyo huisemi?

Swali hili nimelala nalo siku mbili, maana lina uzito. Mkuki ulifuliwa na wahunzi wetu, na leo hakuna kijiji kinachokimbia kwa sababu ya mkuki. AK bado iko kazini. Tangu Oktoba 2017, vita vilipoanzia Mocímboa da Praia, watu wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, wamekuwa wakiikimbia porini na watoto mgongoni, wengine wakivuka kuja Mtwara. Mtoto aliyekimbia hivyo anapewa penseli ya rangi darasani, anaambiwa achore bendera ya nchi yake. Anachora mtutu, kisha anachora na singe iliyochomekwa mbele yake. Hapo ndipo moyo wangu unapokataa.

Si Bunge lao lilishaamua?

Ndiyo. Mwaka 2005 michoro mipya ilishindanishwa, na Bunge lenye wingi wa FRELIMO likaikataa. Wingi wa kura unatosha kupitisha bajeti. Kwa bendera nataka hata aliyeshindwa aweze kuipigia saluti bila kinyongo.

Ukiitoa, utaweka nini?

Sitaweka kitu. Wamsumbiji wenyewe walikwisha kuonyesha njia: mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane, lilianza kupokea bunduki za vita. Aliyeleta yake aliondoka na jembe, baiskeli au cherehani. Bunduki zilikatwakatwa, wasanii wakapewa vipande. Mmoja wao, Kester, akaunda kiti kizima, mgongo wake vitako vya bunduki, na leo kiko British Museum, London.

Kwenye bendera, bunduki na jembe vimepishana juu ya kitabu kilichofunguliwa. Ukiondoa bunduki, jembe linabaki pale pale juu ya kitabu, na nyota ya njano nyuma yake.