Ukitaka utafiti wa makundi, anza na nukta saba

Wanafunzi wa uzamili wanaonijia kwa ajili ya nadharia ya makundi (kundi, katika hisabati, ni mkusanyiko wa mageuzi yanayoweza kufuatanishwa na kutenguliwa) karibu wote huomba kitu kimoja: kitabu cha kuwafikisha haraka kwenye uainishaji wa makundi sahili yenye ukomo, yaani orodha kamili ya makundi yasiyovunjika kuwa madogo zaidi. Nawaelewa. Ni kazi ya watu wengi na maelfu ya kurasa. Mwaka 1983 ilitangazwa kuwa imekamilika, kumbe kulikuwa na pengo, na pengo hilo likaja kuzibwa mwaka 2004 na Aschbacher na Smith kwa juzuu mbili zinazopita kurasa 1,000. Nani asiyetaka kuupanda mlima huo? Mimi huwaambia waanze na karatasi tupu na bapa la Fano.

Bapa la Fano lina nukta 7 na mistari 7. Kila mstari una nukta 3, na nukta mbili zozote hukutana kwenye mstari mmoja tu. Jiulize: nukta hizi zinaweza kuhamishwa kwa njia ngapi bila kuvunja mstari wowote? Ya kwanza ina pa kwenda 7, ya pili 6. Ya tatu, isiyokuwa kwenye mstari wa zile mbili, imebakiwa na nafasi 4, na hapo nukta nyingine zote hazina hiari tena. 7 × 6 × 4 ni 168. Tayari una kundi mkononi, tena kundi sahili, la pili kwa udogo miongoni mwa yale yasiyo ya Abel, yaani yale ambayo mpangilio wa kufuatanisha mageuzi hubadilisha matokeo.

Usisimame hapo. Zipange hizo elementi 168 (kila njia ya kuhamisha ni elementi moja) kwa idadi ya nukta ambazo kila moja inaziacha mahali pake. Moja, ile isiyohamisha kitu, inaziacha zote 7. Elementi 21 zinaacha nukta 3, elementi 98 zinaacha nukta 1, na 48 haziachi hata moja. Jumlisha nukta zilizoachwa: 7 + 63 + 98, inarudi 168 ileile. Wastani ni 1 kamili, na ndivyo ilivyo kwa kila kundi lenye ukomo linaloweza kuipeleka nukta yoyote kwenye nyingine yoyote. Sasa, kama nukta ni zaidi ya moja, ile elementi isiyohamisha kitu iko juu ya wastani, kwa hiyo lazima iwepo elementi iliyo chini yake, yaani inayohamisha kila nukta. Umeshathibitisha thioremu ya Jordan ya mwaka 1872, na chai haijapoa.

Ongeza sharti dogo: je, kati ya hizo zinazohamisha kila nukta, daima kuna yenye oda (mara ngapi uirudie ili kila nukta irudi mahali pake) ya kipeo cha namba tasa, kama 4, 7 au 9? Ndiyo, walionyesha Fein, Kantor na Schacher mwaka 1981, wakilihitaji jibu kwa swali la nadharia ya namba. Lakini uthibitisho wao unaegemea uainishaji wote, na hadi leo haujulikani mwingine unaoukwepa. Swali analielewa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Jibu linabebwa na zile maelfu ya kurasa. Utafiti wangu umekaa hapo mpakani, kombinatoria, yaani hisabati ya kuhesabu mipangilio, upande huu na muundo wa makundi upande ule, na kwa mtu aliye mbali na semina kubwa sioni mahali panapofaa zaidi. Uainishaji unakupa orodha. Wewe unaipitia familia baada ya familia. Wapo wanaoliona hilo kama kula kivulini mwa wengine. Mimi sioni aibu, ila andika wazi kwenye makala ni wapi ulipoegemea.

Chombo cha kujaribia dhana zako kipo: programu ya GAP ya kukokotoa makundi, iliyoanzia Aachen, Ujerumani, mwaka 1986, ni ya bure na inakubali hata kompyuta iliyochoka. Maktaba yake ina makundi yote ya oda (hapa, idadi ya elementi za kundi) hadi 2000, isipokuwa oda 1024. Oda 512 peke yake ina makundi 10,494,213, basi dhana yako ikisimama hadi oda 50 usishangilie. Ipeleke kwanza kwenye 64 na 128, vipeo vya 2 ndivyo vinavyoaibisha watu.

Na jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha makundi. Wanahisabati kwa desturi hupanga majina ya waandishi kwa alfabeti. Kamati ya kupandisha vyeo niliyowahi kukaa mbele yake, iliyojaa watu wa fani za maabara, ilitaka kujua kwa nini jina langu liko mwishoni karibu kila mahali. Chama cha Wanahisabati cha Marekani kina tamko rasmi kuhusu desturi hiyo. Lichapishe na ulibane nyuma ya fomu yako kabla hujaulizwa, hasa kama jina lako linaanza na W.