Bibi aendelee kukaa peke yake?

SWALI: Bibi yetu, miaka 81, anakaa peke yake Ngamiani, Tanga. Ameshaunguza sufuria mara mbili. Tumhamishie kwa mjomba?

JIBU: Sufuria hata vijana huunguza. Hesabuni vidonge vyake vya presha leo, kisha baada ya siku 7. Kama ni kimoja kwa siku na vimepungua 3, anasahau. Vikipungua 10, anarudia. Mpimeni na mwendo: ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi akae. Ikifika sekunde 12, yumo hatarini kuanguka, hasa usiku, choo kikiwa na maji sakafuni.

Akishindwa kote kuwili, asilale peke yake. Ila kwanza hospitali: maambukizi ya mkojo au sukari kushuka humchanganya mzee ghafla, na hutibika. Akihama, kitanda chake kiende naye.