Kabla ya kufika kortini kwa ajili ya mwanao, andika barua

Binti yangu alirudi nyumbani saa mbili na nusu asubuhi, mtandio ameukunja ndani ya mfuko wa sketi. Alikuwa kidato cha kwanza, wiki ya pili. Langoni aliambiwa mtandio si sehemu ya sare: avue au arudi kwao. Alivua, akaingia, lakini darasani alishindwa kuinua uso, akatoka. Hakulia. Aliutandaza mtandio juu ya meza, akaunyoosha kwa kiganja mara mbili, mara tatu, kana kwamba anaupiga pasi.

Nawaandikia wazazi wenzangu wa Malindi kwa sababu karibu kila nilichofanya baada ya hapo kilikuwa kosa.

Kwanza nilichukua simu. Nilirekodi sauti ya dakika nne kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, nikamwita mwalimu mkuu adui wa dini, nikamtuhumu na mambo nisiyokuwa na ushahidi nayo. Kufikia magharibi sauti ile ilikuwa imefika Watamu. Nilijiambia nina uhuru wa kusema, na kweli ninao: Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya kinanipa. Ila kifungu hichohicho kinamtaka anayeutumia aheshimu haki na heshima ya wengine. Mwaka wa 2017 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kumfanya mtu mhalifu kwa kumharibia mwenzake jina kunakiuka Katiba, lakini kesi ya kudai fidia bado ipo, na mwalimu yule alikuwa na kila sababu ya kuifungua. Niliomba radhi kwenye kundi lilelile, kwa sauti yangu.

Pili, nilimweka mtoto nyumbani siku kumi na moja, nikidhani nawakomoa wao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule, na asipofanya hivyo anaweza kushtakiwa. Mwenye haki nilikuwa mimi, na nilikuwa najigeuza mshtakiwa.

Mjomba wangu, karani mstaafu wa korti, alinisikiliza hadi mwisho kisha akauliza, "Mwanangu, barua uliyowaandikia iko wapi?"

Sikuwa nayo.

"Basi hujalalamika bado."

Akanisimulia kesi ya Isiolo. Kanisa la Methodisti, mfadhili wa shule moja ya huko, lilifika kortini kupinga wasichana Waislamu kuruhusiwa hijabu. Mzazi mmoja, Mohamed Fugicha, aliingia katika kesi hiyo kama mhusika mwenye maslahi, akaweka dai la wasichana humohumo. Mwaka wa 2016 Mahakama ya Rufaa iliwapa wasichana ushindi. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta, si kwa kusema hijabu ni makosa, bali kwa sababu dai halikuletwa kwa njia inayofaa. Anayetaka, walisema, aanze upya Mahakama Kuu. Nilikaa kimya muda mrefu niliposikia hayo. Miaka yote ile, na swali lenyewe halikujibiwa.

(Walionishauri nimwendee Kadhi walikuwa na nia njema, lakini Kadhi husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, pale pande zote zikiwa Waislamu na zikakubali. Shule haimo.)

Barua yangu ilikuwa ukurasa mmoja wa karatasi ya mistari: siku gani, nani alisema nini langoni, naomba nini, na nasubiri jibu hadi lini. Nilitaja Kifungu cha 32, kinachokataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya dini yake. Nilikwenda na nakala mbili, na karani wa shule akazipiga mhuri zote. Usitoke ofisini bila nakala yenye mhuri na tarehe.

Ila kabla sijaipeleka, mjomba aliuliza tena: "Mwenyewe asemaje?" Nilikuwa sijamuuliza. Na sisi wa Malindi hatuhitaji kuelezwa imani ya wakubwa inaweza kumfikisha mtoto wapi. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwafundisha wafunge hadi kufa, wakiwemo watoto wengi. Kifungu cha 53 kinasema maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia. Hayawi maslahi yake mpaka umemsikiliza.

Binti yangu aliisoma barua polepole. Mtandio anautaka. Kuhamishwa shule hataki, anampenda mwalimu wake wa hesabu. Akaweka kidole kwenye mstari nilioandika "tutakutana kortini," akasema, "Mama, huu utoe." Nikautoa.

Bodi ya shule ilituita baada ya wiki tatu. Yeye ndiye aliyezungumza zaidi, wakakubaliana mtandio mweupe, ncha zake ziingie ndani ya sweta.

Wangekataa, ningekwenda kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo na nakala zangu, kisha Mahakama Kuu hapahapa Malindi. Kifungu cha 22 kinasema kufungua kesi ya haki za Katiba hakutozwi ada. Ukifika huko, fungua kesi yako mwenyewe, kwa jina lako. Usijibanze ndani ya kesi ya mwengine.