Kisu cha kukunja cha milioni moja na laki nne: kinunuliwe au kiachwe?

MASWALI YA WASOMAJI: VIFAA VYA MKONO

SWALI: Shikamooni wataalamu. Mimi ni fundi wa umeme na sola hapa Nzuguni. Kuna jamaa analeta vitu kutoka Marekani, amenihakikishia kisu cha kukunja aina ya Sebenza kitanifikia mkononi kwa shilingi 1,400,000. Mafundi wenzangu wananicheka. Wanasema kisu ni kisu, hata cha elfu nane cha soko la Majengo kinakata. Nani mkweli? – *Fundi, Nzuguni*

JIBU: Marahaba, fundi. Wenzako wamesema nusu ya kweli. Siku ya kwanza visu vyote viwili vitakata, na cha elfu nane kikipata mnoaji anayejua kazi kitapasua karatasi sawasawa na hicho cha milioni. Wiki za mbele ndiko vinakoachana.

Tuanze na pesa yako inakokwenda. Sebenza hutengenezwa mjini Boise, jimbo la Idaho, na kampuni iliyoanzishwa na Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia huko mwaka 1989. Mpini ni mabamba mawili ya titani. Loki yake haikupachikwa: bamba moja la mpini limekatwa mfereji, ukabaki ulimi unaojisukuma ndani na kukaa nyuma ya ubapa kisu kinapofunguka. Ukikishika, vidole vyako vinaukandamiza ulimi huohuo, kwa hiyo ukibana zaidi loki nayo inakaza zaidi. Titani ikisuguana na feleji ina tabia ya kung'ang'ania na kulika, ndiyo maana toleo la Sebenza 31, lililotoka mwishoni mwa 2019, limewekewa kigololi cha seramiki pale ulimi unapokutana na ubapa.

Sehemu ya kuangalia zaidi, hasa kwa mtu wa Dodoma, ni pale ubapa unapozungukia. Visu vingi vya dola 100 hadi 300 siku hizi vina beringi za golori ndogo ili vifunguke kwa mguso wa kidole. Dukani vinapendeza mno. Vipitishe miezi ya Julai hadi Oktoba, upepo na vumbi letu, uone. Chembe zikiingia kati ya golori kisu kinaanza kukwaruza, na huwezi kukisafisha bila kukifungua chote. Sebenza ina washa mbili za bronzi na bushi (bomba fupi ambalo ubapa unalizungukia) iliyochongwa kwa kipimo kiasi kwamba skrubu inakazwa mpaka mwisho bila kuubana ubapa. Ukikifungua kusafisha, hukisii tena umekaza kiasi gani. Hii ni kazi ya mashine yenye kipimo kidogo mno cha makosa, na sehemu kubwa ya bei iko hapa, si kwenye makali.

Chuma chenyewe siku hizi ni MagnaCut, kilichobuniwa na Larrin Thomas na kuingia sokoni mwaka 2021. Ugumu wake unazidi 60 kwa kipimo cha Rockwell, na bado hakishiki kutu kirahisi wala hakimeguki ovyo. Kwa kulinganisha, Victorinox ya kawaida, kile kisu cha mfukoni cha Uswisi, iko kwenye 56 hivi. Vile vya elfu nane mara nyingi havina hata maandishi ya aina ya chuma.

Sasa angalia unachokata. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko feleji iliyokomazwa. Katoni iliyoburutwa sakafuni, kiroba kilichokaa kwenye udongo, bomba lililofukuliwa: vyote hivyo vinakwenda na mchanga, na mchanga unabutua kila kisu. Kwenye katoni safi, kamba na plastiki utaiona tofauti ya MagnaCut waziwazi. Kwenye vitu vyenye vumbi itapungua sana, na fundi wa site za Dodoma hakati vitu visafi.

Halafu kuna kunoa. MagnaCut haiishi makali haraka kwa sababu ya chembe ndogo za kabidi za vanadi na niobi ndani yake, na hizo ni ngumu kuliko jiwe la kawaida la kunolea. Jiwe la mtoni, au lile la kijivu la duka la vifaa vya ujenzi, litakula muda wako mwingi na makali yatatoka kwa shida. Unahitaji bamba la almasi, walau namba 400 (lenye chembe kubwa) na namba 1000 (lenye chembe laini). Kama huna mpango wa kununua bamba la almasi, usinunue kisu hiki. Kitakukatia vizuri miezi michache, kisha utabaki na chuma kibutu cha milioni na laki nne, huku mwenzako wa elfu nane akinoa chake kwa dakika tano kwenye ngazi ya saruji.

Lakini kwako wewe, fundi, tungekuwa tumeyaacha yote hayo tukasema neno moja tu: mpini ni chuma kitupu. Titani inapitisha umeme. Kisu cha fundi umeme ni chenye mpini uliofunikwa kwa plastiki ngumu, kilichopimwa na kuandikwa 1000V, na hata hicho unakata waya baada ya kuzima na kupima kwa tesita. Tena ubapa mgumu hivyo ukigonga nyuzi za chuma za kebo ya ardhini unapata pengo, na pengo la nusu milimita kwenye chuma cha aina hii ni kazi ya jioni nzima kulitoa.

Hukumu yetu basi: kwa kazi yako, hapana. Nunua kisu cha 1000V cha kuchunia kebo, Victorinox moja kwa ajili ya mfukoni, na bamba la almasi. Utabakiwa na zaidi ya nusu ya pesa. Kama unakitaka kwa sababu ni kitu kilichotengenezwa kwa ustadi na unapenda vitu vya hivyo, pesa ni yako na ada ya shule imelipwa, hatukukatazi. Kitadumu. Ila usimwambie mama watoto kwamba ni kifaa cha kazi.

Na ukiamua kununua, jihadhari na bandia, maana Sebenza inaigwa sana. Pitisha sumaku: isinase kwenye mabamba ya mpini, inase kwenye ubapa. Jaribio hili peke yake halitoshi, kwa sababu hata alumini na baadhi ya stenlesi hazinasi. Fungua kisu, shika ncha ya ubapa, sukuma kushoto na kulia: kusiwe na mchezo wowote. Funga, utazame kwa juu: ubapa ukae katikati ya mabamba, usiguse upande. Funga na ufungue mara kumi. Ulimi wa loki usimame palepale kila mara. Baadhi ya bandia huanguka kwenye jaribio hili la mwisho. Uliza pia kama bei uliyotajiwa ina ushuru wa forodha na VAT ndani yake. VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya bei, usafirishaji na ushuru kwa pamoja, wala si juu ya bei ya kisu peke yake, na hapo ndipo "kitanifikia kwa" hugeuka ghafla.

SWALI: Ninalima zabibu Hombolo. Nimepewa zawadi ya kisu cha Kifaransa, Opinel namba 8, chenye mpini wa mbao. Baada ya kukitumia kuvunia, ubapa umekuwa mweusi. Halafu msimu wa kiangazi kinafunguka chenyewe, masika hakifunguki mpaka nitumie meno. Ni kibovu? – *Mkulima, Hombolo*

JIBU: Si kibovu, dada, na acha kutumia meno. Opinel zinatoka kwa aina mbili za ubapa: wa stenlesi na wa chuma cha kaboni. Wako ni wa kaboni. Asidi ya zabibu inaufanyia weusi huo, na weusi wenyewe hauna madhara. Usiusugue kwa stilwuli. Kitakachokuharibia ni kutu nyekundu. Ukimaliza kuvuna, osha kwa maji, kausha papo hapo, pakaa mafuta ya kula kidogo sana kwa kitambaa. Ukikiacha usiku mmoja na utomvu wa zabibu, asubuhi utakuta vidoadoa vya kutu karibu na makali.

Mbao ya mpini ni mti uitwao biki. Hunywa unyevu ikavimba, hukauka ikanywea. Hewa yetu ya kiangazi ni kavu mno, mbao inaachana na ubapa. Januari mvua zikishika inaubana. Ili kutuliza hali hiyo, subiri kiangazi mpini ukiwa umekauka. Fungua kisu, simamisha mpini, dondoshea mafuta ya kitani au nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwenye maungio, matone mawili matatu, ufungue na kufunga mara kadhaa. Acha siku mbili, rudia. Kikikubana masika, gonga kwa utaratibu kitako cha mpini, upande wa nyuma, kwenye ubao: ubapa utachomoza kiasi cha kushikika kwa kucha.

Ile pete ya chuma kwenye shingo ndiyo loki yake, iliyobuniwa mwaka 1955. Izungushe kila unapokifungua. Wengi huisahau, na siku ubapa unapofumba ni vidole vyao vinavyolipa. Pete ikilegea, itoe na uiminye kidogo kwa koleo.

Kuhusu kuvuna kwenyewe, mkasi wa kuvunia wenye ncha butu ni bora kuliko kisu chochote, cha bei rahisi au ghali. Kisu kinakulazimisha kuvuta kichala, na ukivuta unapukutisha punje au unajikata kidole gumba. Opinel yako itumie kuchongea vipandikizi na kukata kamba za kufungia mizabibu.

SWALI: Kisu changu cha kukunja nilikinunua mnadani. Loki yake ni ulimi mwembamba wa bati ndani ya mpini. Sasa nikikikandamiza kinajifunga. Nimeambiwa niupige tupa ulimi ushike vizuri. – *Mfugaji, Kongwa*

JIBU: Usiguse tupa. Uso wa ule ulimi umechongwa kwa mteremko wa nyuzi chache tu. Pasi moja ya tupa inaufupisha, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Mara nyingi ni uchafu. Chemsha maji, yapoe kiasi cha kuvumilika mkononi, tia sabuni, kizamishe kisu kikiwa wazi, sugua kwa mswaki wa zamani nyuma ya ulimi na kwenye kitako cha ubapa. Kama kuna mafuta yaliyoganda na damu, suuza kwa mafuta ya taa, kisha sabuni tena. Kausha juani. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye maungio, hapo tu. Ukipaka mafuta kwenye uso wa loki unaifanya iteleze. Kaza skrubu ya maungio kidogokidogo, robo ya robo ya mzunguko kwa wakati mmoja, mpaka mchezo wa ubapa uishe na bado kinafunguka.

Kisha jaribu: kishike vidole vikiwa mbali na njia ya ubapa, gandamiza mgongo wa ubapa kwenye ubao polepole. Usiupigize, kupigiza kunaharibu hata loki nzima. Kikijifunga tena, tazama ulimi umesimama wapi. Ukiwa umevuka mpaka kugusa ukuta wa pili wa mpini, umekwisha kulika. Kitumie kama kisu kisicho na loki, au kitupe.

Na mzee, kama unachunia mbuzi, chukua kisu kisichokunja, chenye ala. Damu na mafuta vinaingia kwenye maungio, havitoki kwa kufuta, na mbali na kutu kuna suala la usafi wa nyama.

SWALI: Wale wanoaji wa baiskeli wanaopita mitaani, naweza kuwapa kisu cha bei? – *Msomaji, Area C*

JIBU: Hapana. Jiwe lao linazunguka kwa kasi bila maji, na makali ni membamba, yanapata moto kabla mpini haujahisi chochote. Chuma cha kaboni kikipata rangi ya bluu kwenye makali kimekaribia nyuzi joto 300 za Selsiasi, na ugumu wa pale umeshapotea. Inabidi kukisaga chote kile kilichoungua ndipo ufikie chuma kizima. Wape visu vya jikoni na mapanga, kazi hiyo wanaiweza.

Chako noa mwenyewe. Loweka jiwe, weka ubapa juu yake, inua mgongo. Kwa ubapa wenye upana wa sentimita 2, mgongo ukiwa milimita 7 juu ya jiwe uko kwenye nyuzi 20, ambazo zinafaa kwa kazi nyingi. Sukuma upande mmoja mpaka kucha yako iguse ukingo mdogo wa chuma uliojikunja upande wa pili, urefu wote kuanzia kitako hadi ncha. Hapo ndipo ugeuze, si kabla. Wanaoshindwa kunoa wengi wao hugeuza mapema. Ukingo ukipatikana pande zote mbili, punguza nguvu, pitisha mara moja moja kila upande, kisha malizia kwenye mkanda wa ngozi ukivuta kuelekea mgongoni.